Kompyuta ya Mfukoni: Safari ya Mfumo Endeshi Usio na Makazi

Kwa zaidi ya miongo miwili imewezekana kubeba mfumo mzima wa kompyuta ndani ya kijiti cha flashi na kuuwasha katika mashine ya mtu mwingine. Makala hii ya historia inaangalia ulikotoka uwezo huo, uliwafaa akina nani, na kwa nini leo mlango wake unazidi kuwa mwembamba.

Wapitaji wa stesheni ya Kaskazini

Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, ina stesheni tatu kuu za reli, na kwa msafiri anayetoka uwanja wa ndege wa Zaventem mara nyingi ya kwanza kufikiwa ni ile ya Kaskazini. Wasemaji wa Kifaransa huiita Gare du Nord, na wa Kiholanzi huiita Noordstation. Jengo lake la sasa, lenye mnara wa saa, ni la mwaka 1952, ilipofunguliwa njia ya reli inayopita chini ya ardhi na kuunganisha kaskazini na kusini mwa jiji. Upande mmoja wa reli imesimama minara ya vioo, ikiwemo miwili iliyojengwa katika miaka ya 1990 kwa ajili ya Belgacom, shirika la simu la taifa. Upande wa pili, katika wilaya ya Schaerbeek, unapita mtaa wa rue de Brabant, wenye maduka ya vitambaa, vyombo na mabegi, ambayo wenyewe wengi wana asili ya Morocco na Uturuki.

Ni mahali pa wapitaji. Hata waliodhani ni wakazi wa kudumu waliwahi kugeuzwa wapitaji: mpango wa ujenzi wa mwaka 1967, uliopewa jina la Manhattan, uliwaondoa maelfu ya watu katika nyumba zao ili kupisha majengo ya ofisi, na baadhi ya viwanja vilivyobomolewa vilikaa vitupu kwa miaka mingi.

Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, mitaa ya namna hiyo katika miji ya Ulaya ilikuwa na maduka ya simu na intaneti. Ukutani zilipangwa saa zinazoonyesha wakati wa miji ya mbali, pembeni kulikuwa na vibanda vya kupigia simu Bukavu, Bujumbura au Kigali, na nyuma yake safu ya kompyuta zilizolipiwa kwa saa. Mtu aliyeketi mbele ya kompyuta hiyo alikuwa mgeni mara mbili: mgeni katika nchi, na mgeni katika mashine. Maelekezo kwenye kioo yalikuwa ya Kifaransa au Kiholanzi. Kibodi ilikuwa ya mpangilio wa Kibelgiji, ambamo herufi A inakaa mahali ambapo mtu aliyejifunza Nairobi au Dar es Salaam anaitafuta Q. Na ndani ya mashine kulibaki nyayo za waliotangulia: kurasa walizofungua, barua walizosahau kuzifunga, na pengine programu ya siri inayorekodi kila kibonye kinachobonyezwa.

Swali lililozaliwa katika mazingira kama hayo ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu. Je, mtu anaweza kuwa na kompyuta yake mwenyewe bila kumiliki mashine?

Mfumo ulivyopata makazi

Msikilizaji, kabla ya kulijibu swali hilo yafaa kukumbusha mfumo endeshi ni nini. Ni ile programu mama inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa. Ndiyo inayozitambua kibodi, kioo na diski, ndiyo inayogawa kumbukumbu, na ndiyo inayozipa programu nyingine ruhusa ya kufanya kazi. Windows ni mfumo endeshi, na Linux vilevile. Anayeutawala mfumo endeshi ndiye anayeitawala mashine.

Wengi hudhani kwamba mfumo huo ni sehemu ya chuma chenyewe, mfano wa injini ndani ya gari. Sivyo. Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwezi Agosti 1981, wateja wengi waliipata bila diski ya kudumu ndani yake. Mtumiaji alitia diski laini kwenye mlango wake, akawasha, na mashine ikausoma mfumo kutoka hapo. Akiitoa diski na kuondoka nayo, aliiacha mashine ikiwa tupu.

Ni diski ngumu, iliyofungwa ndani ya kasha, iliyoupa mfumo endeshi makazi ya kudumu. Faida zake zilikuwa kubwa: kasi iliongezeka, na nafasi ya kuhifadhi ikawa pana. Lakini jambo moja lilibadilika bila kelele. Mafaili ya mtu, lugha yake, mipangilio yake na siri zake sasa vilikaa ndani ya mashine. Asiye na mashine hakuwa na pa kuviweka.

Hata hivyo mlango wa zamani haukuzibwa. Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye ubao wake, iliyojulikana kwa miaka mingi kama BIOS, hutafuta mfumo wa kuuamsha, na hutafuta kwa zamu: kwanza kifaa hiki, kisha kile. Anayeweza kuubadili mpangilio wa zamu hiyo anaweza kuiambia mashine ipuuze diski yake ya ndani na kuamka kutoka kwingine. Historia yote ya mfumo unaobebwa imejengwa juu ya nafasi hiyo ndogo.

Kazi ya Klaus Knopper

Mwaka 1995 kampuni za IBM na Phoenix ziliandaa kanuni za kiufundi zilizoiwezesha kompyuta kuamka kutoka kwenye CD. Wakati huo Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, ilikuwa imekwisha kupata wafuasi duniani. Kwa kuwa ni programu huria, yeyote aliruhusiwa kuinakili, kuirekebisha na kuigawa bila kulipa. Ruhusa hiyo ilikuwa na uzito. Mfumo unaouzwa kwa leseni ya mashine moja hauwezi kuhamahama kihalali kutoka kompyuta moja hadi nyingine, lakini mfumo huria hauzuiwi na mpaka huo.

Majaribio ya awali yalikuwepo. Yggdrasil, iliyotolewa Marekani mwaka 1992, iliweza kufanya kazi kutoka kwenye CD, na mwaka 1998 watafiti nchini Ufaransa walitoa DemoLinux. Lakini jina lililosambaa lilikuwa Knoppix, kazi ya mhandisi Mjerumani Klaus Knopper, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2000.

Knoppix ilitatua matatizo mawili. La kwanza lilikuwa nafasi. CD ilibeba megabaiti 700 tu, lakini Knopper alizibana programu kiasi cha kuingiza karibu gigabaiti 2, zikawa zinafumuliwa kidogo kidogo kila zinapohitajika. La pili lilikuwa gumu zaidi. Mfumo unaosafiri haujui utaamkia wapi. Leo ni kompyuta yenye kadi hii ya picha, kesho ni nyingine yenye kadi ile. Knoppix ilikuja na utaratibu wa kuitambua mashine papo hapo, na ndani ya dakika chache ikafungua dirisha la kazi lenye kivinjari, programu za ofisi na zana za ufundi. Mtumiaji akiizima na kuitoa CD, diski ya ndani ya kompyuta hubaki kama ilivyokuwa.

Mafundi waliipenda upesi. Windows ilipokataa kuamka na mteja akidhani kazi zake zote zimepotea, fundi aliamsha mashine kwa Knoppix, akayafikia mafaili na kuyahamisha. Mwaka 2007 Knopper aliongeza sehemu iitwayo ADRIANE, inayomwezesha asiyeona kuitumia kompyuta kwa kusikiliza, bila kuhitaji kioo. Sehemu hiyo inabeba jina la mke wake, ambaye ni mlemavu wa macho. Kwa mtu wa namna hiyo, kubeba mfumo wake si anasa. Kompyuta ya kuazima isiyozungumza ni kompyuta asiyoweza kuitumia kabisa.

Kutoka CD hadi flashi

CD ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikukumbuka. Kila kilichoandikwa wakati wa kazi kilikaa kwenye kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika kikapotea. Kilichohitajika ni chombo kidogo kinachosomeka na kuandikika.

Mbegu yake ilikuwa imekwisha kupandwa Japani, ambako mhandisi Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba alibuni kumbukumbu ya flashi katika miaka ya 1980, kumbukumbu isiyofutika umeme unapozimwa. Mwaka 1996 ukatangazwa muundo wa kwanza wa USB, tundu moja la kuunganishia vifaa vya kila aina. Mwaka 2000 viwili hivyo vilikutana sokoni. Kampuni ya Trek ya Singapore ilileta kijiti ilichokiita ThumbDrive, na kampuni ya M-Systems ya Israel, kwa kushirikiana na IBM, ikaleta DiskOnKey. Kile cha IBM kilibeba megabaiti 8, zaidi ya mara tano ya diski laini iliyozoeleka ya megabaiti 1.44.

Megabaiti 8 hazikutosha mfumo wenye madirisha na programu za kila siku. Lakini ukubwa uliongezeka kila mwaka huku bei ikishuka, na upande wa pili wakatokea watu waliokuwa wanaupunguza mfumo. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia alitoa Puppy Linux, mfumo mdogo ulioweza kuingia wote katika kumbukumbu ya muda na kuzipa uhai mashine zilizohesabiwa kuwa zimezeeka. Ilipofika mwaka 2008 jambo hilo lilikuwa limetoka mikononi mwa mafundi peke yao. Fedora 9 iliyotoka mwezi Mei mwaka huo iliruhusu mtumiaji wa flashi kuhifadhi kazi na mipangilio yake ndani ya flashi hiyohiyo, na Ubuntu 8.10 ya mwezi Oktoba ilikuja na programu ya kuandalia flashi kwa kubonyeza mara chache tu.

Namna mfumo huo unavyohifadhi mambo inastahili maelezo mafupi. Sehemu kubwa ya flashi huwa na mfumo wenyewe, uliobanwa na usiobadilishwa. Juu yake huwekwa tabaka jembamba linalopokea mabadiliko yote: barua mpya, neno jipya la siri, picha iliyohifadhiwa. Mtumiaji huviona vyote kama kitu kimoja. Tabaka la juu likiharibika, la chini hubaki salama, na mfumo unaweza kuanza upya.

Hata kampuni kubwa zilikiri kwamba wazo lina maana. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Windows To Go, toleo la Windows 8 kwa mashirika, lililowezesha mfanyakazi kubeba mfumo wa ofisi yake ndani ya flashi. Uhai wake haukuwa mrefu. Toleo la Windows 10 la mwezi Mei 2020 liliiondoa.

Afrika Mashariki: CD za posta na virusi vya saiba

Hali ya kutumia mashine ya kulipia haikuwa ya wahamiaji wa Brussels peke yao. Katika miaka hiyohiyo watu wengi wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Goma walikutana na intaneti kwa mara ya kwanza katika mikahawa yake, ile inayoitwa saiba au intaneti kafe. Kwao kompyuta ilikuwa kitu cha kukodi kwa dakika. Hivyo ni hao ambao mfumo wa mfukoni ungewafaa kuliko wengine wote. Lakini ulikumbana na vizuizi viwili.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa njia ya kuupata. Kabla ya mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea mawasiliano ya satelaiti, ghali na ya polepole. Kupakua megabaiti 700 ilikuwa kazi ya siku nzima au zaidi, na umeme ukikatika mtu huanza upya. Mradi wa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulijibu kwa njia ya kale kabisa: posta. Hadi mwaka 2011 ulituma CD bure kwa aliyeziomba, popote alipo duniani, na pamoja na mfumo wa kuweka kwenye kompyuta kulikuwa na ule wa kuujaribu bila kuuweka. Jina lenyewe halikuwa geni masikioni mwa Waswahili, kwani ubuntu ya lugha za kusini na utu wa Kiswahili ni ndugu wa shina moja. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipoanza kazi mwaka 2009, bahasha za posta zilianza kupoteza umuhimu wake.

Kizuizi cha pili kilikuwa sifa mbaya ya flashi. Virusi viliruka kutoka mashine hadi flashi na kutoka flashi hadi mashine, kwa sababu Windows ya wakati huo ilikuwa na desturi ya kuendesha programu iliyomo kwenye kifaa mara tu kinapochomekwa. Kirusi cha Conficker, kilichotokea mwishoni mwa mwaka 2008, kilitumia pia njia hiyo, hadi Microsoft ilipoifunga kwa marekebisho ya mwaka 2011. Wenye mikahawa walijifunza kuiogopa flashi ya mteja. Wengine waliziba matundu, wengine waliiwekea BIOS neno la siri. Hofu yao ilikuwa na msingi, lakini ilimfungia nje pia yule aliyekuja na dawa yenyewe, kwani mfumo wa Linux ulioamka kutoka kwenye flashi haukudhuriwa na virusi vya Windows.

Kulikuwa pia na suala la lugha. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa kampuni ya IT+46 ya Sweden, iliendesha mradi wa Kilinux, na mwezi Desemba 2004 ikatolewa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili. Haikuwa mfumo endeshi, lakini ilionyesha maana ya uhuru wa kurekebisha. Hapakuhitajika kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama Kiswahili kina soko. Programu ya namna hiyo ikiwekwa ndani ya mfumo wa mfukoni, Mswahili aliye Brussels huweza kuketi mbele ya mashine ya Kifaransa na kuandika barua yake akiongozwa na maneno ya kwao, kibodi ikiwa imepangwa kama alivyoizoea.

Shule nazo hazikusahauliwa. Rwanda ilipokea zaidi ya kompyuta 200,000 za mpango wa kumpa kila mtoto kompyuta yake, ambazo ziliendeshwa na mfumo uitwao Sugar. Mwezi Juni 2009 watengenezaji wa Sugar walitoa toleo la kuwekwa ndani ya flashi. Hoja yao ilikuwa kwamba pale ambapo kompyuta moja inatumiwa na watoto wengi, kila mtoto awe na kijiti chake, chenye kazi zake, naye aendelee alipoishia kwenye mashine yoyote atakayoikuta.

Mfumo unaosahau kwa makusudi

Hadi hapo sifa ya flashi juu ya CD ilikuwa kumbukumbu. Lakini wapo waliotafuta kinyume chake, yaani mfumo unaosahau.

Mwaka 2009 lilitoka toleo la kwanza la mfumo ambao leo unajulikana kwa jina la Tails. Huo huamka kutoka kwenye flashi, hupitisha mawasiliano yote ya intaneti kwenye mtandao wa Tor unaoficha mahali alipo mtumiaji, na unapozimwa hufuta kumbukumbu ya muda. Kijiti kikichomolewa ghafla, mashine hujizima. Anayetaka kuhifadhi kitu hutenga sehemu maalumu ndani ya flashi, iliyofungwa kwa maandishi ya siri yasiyosomeka bila nywila.

Mwaka 2013 Edward Snowden alipofichua siri za upelelezi wa kimtandao wa Marekani, waandishi waliowasiliana naye, wakiwemo Laura Poitras na Glenn Greenwald, walitumia Tails, jambo lililothibitishwa hadharani mwaka 2014. Mwezi Septemba 2024 mradi huo uliungana rasmi na ule wa Tor.

Kwa Afrika Mashariki habari hiyo si ya mbali. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wenye mikahawa ya intaneti kuweka kumbukumbu za wateja na kufunga kamera. Watetezi wa uhuru wa habari walizipinga. Hapo ndipo mipaka ya mfumo wa mfukoni inapoonekana wazi. Flashi haifichi uso mbele ya kamera. Haizuii kifaa cha kunasa vibonye kilichofungwa kwa mkono nyuma ya kompyuta. Na katika mji wenye watumiaji wachache wa Tor, kuitumia tu kunaweza kumfanya mtu aonekane. Mfumo safi juu ya mashine chafu ni mfano wa maji safi ndani ya mtungi usiooshwa: usalama wake hauwezi kuwa kamili.

Mlango unavyozidi kuwa mwembamba

Mabadiliko mawili yaliigusa misingi yenyewe ya uwezo huu.

La kwanza lilitokea ndani ya kompyuta. BIOS ya zamani ilirithiwa na mfumo mpya wa kuamshia mashine, na kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 kompyuta zilizotaka nembo ya Microsoft zililazimika kuja zikiwa zimewashiwa ulinzi uitwao Secure Boot. Ulinzi huo hukataa kuamsha mfumo wowote usio na saini inayotambulika. Nia yake ni njema, kwani upo uhalifu unaojificha chini ya mfumo endeshi. Lakini matokeo yake ni kwamba mlango uliokuwa wazi kwa kila mtu ulipata bawabu. Matoleo makubwa ya Linux yalipata saini, tena kutoka kwa Microsoft yenyewe. Miradi midogo ya watu wachache ilibaki ikimwomba mtumiaji auzime ulinzi huo, jambo ambalo kwenye mashine ya kuazima haliwezekani bila idhini ya mwenyewe. Na kompyuta za Apple zenye vichakato vya kampuni hiyo, zilizoanza kutoka mwaka 2020, haziwezi kuamsha Tails kabisa.

Badiliko la pili ni kubwa zaidi, nalo lilionekana waziwazi jirani na stesheni ya Kaskazini. Mwaka 2015 mamia ya waomba hifadhi walipiga mahema katika bustani ya Maximilien, mwendo mfupi kutoka stesheni, wakisubiri kuandikishwa katika ofisi ya uhamiaji. Katika miaka iliyofuata wengi waliolala katika bustani hiyo na ndani ya stesheni walikuwa vijana kutoka Sudan, Eritrea na Ethiopia, na kuanzia mwaka 2017 mashirika ya misaada yaliendesha eneo hilo kituo cha pamoja cha matibabu, ushauri na kutafuta jamaa waliopotezana. Vijana hao hawakuhitaji duka la intaneti la miaka ya nyuma. Walikuwa na simu, na walichotafuta ni umeme wa kuichaji.

Simu imewapa maskini kile ambacho flashi iliahidi bila kukitimiza kwa wengi: kompyuta yako mwenyewe, mfukoni mwako, kwa lugha yako. Lakini imekuja na masharti yake. Mfumo endeshi wa simu umefungwa humo na mtengenezaji, na kwa mtu wa kawaida hautoki wala haubadilishwi. Kila kitu kimo mahali pamoja: picha za mama, ramani za njia iliyopitwa, majina ya waliosaidia. Nchini Ujerumani sheria ya mwaka 2017 iliiruhusu idara ya uhamiaji kusoma data za simu za waomba hifadhi wasio na pasipoti. Mwezi Februari 2023 mahakama kuu ya masuala ya utawala ya nchi hiyo iliamua kwamba kufanya hivyo kama utaratibu wa kawaida, kabla ya kujaribu njia nyingine zilizo nyepesi, ni kinyume cha sheria. Aliyebeba mfumo wake kwenye flashi aliweza kuitenga kazi moja na nyingine, na hata kuiacha mashine bila alama. Aliyebeba simu amebeba maisha yake yote kwa pamoja.

Kilichobaki

Mfumo wa mfukoni haujafa. Kila mwaka, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, maelfu ya watengenezaji wa programu huria hukutana Brussels katika mkutano wa FOSDEM, unaofanyika tangu mwaka 2001 katika Chuo Kikuu Huria cha jiji hilo, bila kiingilio wala kujiandikisha. Wengi wa wageni wake hupita kwenye stesheni ya Kaskazini, na yumkini katika mabegi yao flashi za namna hii hazikosekani. Kwa mafundi bado ni zana ya kuokoa mashine iliyogoma. Kwa mwanafunzi mwenye kompyuta ya zamani isiyoweza Windows mpya, ni njia ya kuirudishia uhai bila gharama. Kwa mwandishi wa habari aliye hatarini, ni kinga moja kati ya kadhaa.

Hata hivyo historia hii inafunza jambo lililo pana kuliko kijiti chenyewe. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa miongo miwili mfumo wa mfukoni umejaribu kuipinga methali hiyo, kwa kumwezesha mtu kutumia mashine ya mwenzake bila kuwa chini yake. Uliweza pale tu mambo matatu yalipokutana: programu ambayo sheria inaruhusu kuigawa, mashine inayokubali kuamshwa na mgeni, na mtu aliyefundishwa namna ya kuiamsha. La kwanza lipo kwa wingi, wala halijapungua. La pili linaamuliwa katika viwanda na ofisi za kampuni chache, mbali na watumiaji. La tatu liko mikononi mwa shule, vyuo na mafundi wa mitaani, na hapo Afrika Mashariki haihitaji ruhusa ya mtu yeyote.